Mpaka ya Nne Itulie

...na hili nalo lina nyuzi ngumu, mwisho wa mvua majani ya maboga hukomaa mpaka shingoni, ukivuta uzi unakuja na nusu ya jani, lakini ndilo likolo lililopo, mboga yetu ya leo, nivute taratibu, kidole gumba kimeshakuwa cheusi kama cha fundi baiskeli, karanga nimekwisha kuzitwanga, maji ya ugali yanakaribia kuchemka, na baba mkwe wangu pale uani ameshageuza shingo mara mbili kutazama mlango, Babu Rupert huyo, atauliza sasa hivi, tumetimia, atauliza kama alivyouliza jana na juzi, na mimi nitajibu bado mmoja huku nimeinamia ungo ili asinione uso... hodi, lakini si hodi ya mgeni, ni Nasma wa ng'ambo ya barabara, mshonaji, hodi yake huwa inaingia ndani kabla hajajibiwa, anamwamkia Babu shikamoo, anakuja moja kwa moja jikoni, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kanga kama mtoto mchanga, nami mkono unasimama na uzi wake katikati ya jani. "Mama Careen, acha hayo majani, kifaa chako hiki hapa, nimepita Lizaboni kwa fundi Kajetani nikakichukua, kizima." Kizima, anasema, namwuliza kizima vipi, mbona siku ile kilikufa mbele ya macho yangu, kikawaka taa nyekundu kikazima, kisanduku changu cha intaneti, kile kinachounganisha dishi la juu ya paa na kompyuta zangu tatu za chumba cha mbele, siku nne sasa chumba kimefungwa, watu wanasoma karatasi mlangoni wanageuza. "Kizima kama wewe," anasema Nasma, "Kajetani amekifungua chote, anasema radi haikukigusa, hakuna hata waya mmoja ulioungua, kilikosa hewa tu, kilikuwa kinafunikwa kikapata joto, tena matundu yake ya pembeni yamejaa nyuzi za kitambaa, ametoa nyuzi kwa brashi, akaacha kiwake dukani kwake kutwa nzima, hakikuzima. Amesema nikuambie, hiki si redio." Na anacheka, Nasma, anasema, "Ninyi Wangoni bwana, mpaka mashine mnaivalisha shela," na Babu anajibu kutoka kitini bila kugeuka, "Ninyi Wayao mngeiuza," na Nasma anacheka zaidi, lakini mimi sicheki, nimebaki kwenye neno moja, radi haikukigusa, radi haikukigusa, kwa hiyo alichomoa, mwanangu alichomoa nyaya kama alivyosema, na mimi...

"Na mtoto yuko kwangu," anasema Nasma, sasa kwa sauti ya chini, "alishuka kutoka Msamala kwa shangazi yake tangu saa tisa, amekaa kwenye cherehani yangu anatia vifungo kama mtu aliyeajiriwa. Nimemwambia habari hii. Anasema, mama awashe kwanza. Zikiwaka zote nne atavuka barabara. Zisipowaka anarudi Msamala, maana hataki kuanza kesi upya." Zote nne, ndiyo, taa ni nne, na umeme umerudi muda huu huu, naona balbu ya ukumbini imewaka, zamu ya mtaa wetu wa Majengo leo ni kuanzia saa kumi na mbili, na maji ya ugali ndiyo yanachemka, vitu vyote saa moja, nanawa mikono kwa haraka, weusi wa majani hautoki, nakipokea kifaa, chepesi, nilikuwa nimesahau kilivyo chepesi, kitu kidogo hivi kimenitolea mtoto nyumbani... hapana, Walburga, sema sawasawa, hakikumtoa kifaa, ulimtoa wewe.

Chumba cha mbele kinanuka vumbi la siku nne, Nasma amebaki dirishani, kutoka pale anaona kibaraza chake, na ukutani juu ya rafu ipo karatasi ya Careen, maandishi yake ya kalamu nene, ameandika kama anamwandikia mtoto wa darasa la pili, na kweli alikuwa ananiandikia mimi, Kwanza nyaya mbili nene za dishi, kaza kwa mkono tu. Pili waya wa kompyuta. Mwisho umeme. Taa ya kwanza, umeme. Ya pili, kinapokea. Ya tatu, kinatuma. Ya nne, tumeungana. Na chini kabisa amepiga mstari, Usiguse kitu mpaka ya nne itulie... nakaza waya wa kwanza, wa pili, vidole vinajua vyenyewe, mimi nilipiga taipureta miaka kumi na mmoja kwenye shirika, mpaka walipokuja watu wa kupunguza watu, wakasoma majina uwanjani, nikarudi nyumbani na ile taipureta kongwe badala ya asante, ikanilisha, ikamlisha Careen na Babu, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, katiba za vikundi, halafu ikaja kompyuta, halafu dishi, na kila hatua mtoto yuko mbele yangu hatua mbili, alipomaliza kidato cha sita akaenda kujifunza kwa mapadri, kila jioni akirudi ananifundisha kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo nilipomfundisha kuchambua mchele... waya wa kompyuta, unaingia unalia ta, haya, umeme, mwisho umeme, kitufe kiko nyuma, nabonyeza. Hakuna kitu. Nabonyeza... hapana, soketi ya ukutani sijaiwasha, washa, sasa, taa zote nne zinawaka kwa pamoja kama macho ya paka wawili, zinazima zote, lakini ndivyo kinavyofanya, Careen aliniambia, mama kinajikagua kwanza, kinajiuliza kama kiko kamili, kama babu anavyotuhesabu, na ya kwanza hii hapa, kijani, imewaka, imekaa. "Moja," namwambia Nasma, na Nasma anainua kidole kimoja dirishani kuelekea ng'ambo, sitazami nani anakiona.

Ya pili inakonyeza, iache, inatafuta, dishi linatafuta juu kule, nami nashuka chini, kwenye ile alasiri ya wingu jeusi, mwezi huu wa nne, radi za kuaga mvua ndizo mbaya kuliko zote, nilikuwa sokoni, niko chini ya bati la muuza ndagaa, nawaza mtoto wangu yuko peke yake na mashine, amekumbuka kuchomoa au anachezea, maana hapa Songea kila mtu anajua, ngurumo ya kwanza unachomoa, hata kama mteja yuko katikati ya sentensi, anamaliza sentensi yake kesho. Nikarudi nimelowa, mvua imekatika, umeme upo, Careen ameshawasha tena, wateja wawili wamekaa, sista anayewaandikia wafadhili na yule mnunuzi wa kahawa wa Mbinga, na kifaa kinafanya kazi, kumbuka hilo Walburga, kilikuwa kinafanya kazi. Nani akaona kiko uchi? Mimi. Nani akasema kwa sauti mbele ya wageni, Careen, mara ngapi nikuambie usiache vitu wazi kama vya soko, vumbi hili la barabara litaingia kwenye vitundu? Mimi. Nani akachukua kile kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe kwa sindano, chenye mawaridi na pindo la shanga, akakikunja mara nne kwa sababu wageni wapo na nyumba yangu si ghala, akakiweka juu, akakivuta mpaka pembeni kikafunika yote? Mikono hii. Redio ya baba yangu ilifunikwa miaka ishirini na saba na haikuugua hata siku moja, chupa ya chai imefunikwa, viti vimefunikwa, kila kitu cha thamani ndani ya nyumba hii kina nguo yake, ndivyo mama yangu Imaculata alivyonilea, kitu ukikipenda unakifunika... na mtoto aliwahi kuniambia, miezi imepita, mama hiki kinapumua, ukikishika ubavuni unasikia, nikamjibu, kinapumua, basi kipeleke na kanisani. Alicheka. Tangu siku hiyo kila asubuhi nakikuta kitambaa kimekunjwa mezani, kila jioni nakirudisha, hatukusema neno, nilidhani ni uvivu wake wa kupanga vitu. Siku ya radi ndiyo aliogopa kukiondoa kwa sababu nilikuwa nimemsema mbele ya watu. Baada ya saa moja, nyekundu. Kikazima. Nami nikajua papo hapo, nikajua kama mtu anavyojua kitu cha uongo, kwamba hakuchomoa. "Mama nilichomoa." Hukuchomoa. "Mama, nilichomoa zote, nikazikunja, muulize sista, alinikuta nazirudisha." Na sista alishaondoka, na mimi nimelowa, nina njaa, nikafungua mdomo nikasema uongo huu umetoka kwa baba yako.

Imetulia. Ya pili imetulia, sikuona saa ngapi, kijani. "Mbili, Nasma." "Nimeiona, nimeshainua vidole viwili," anasema, "tena nasikia ugali wako unaungua." Hauungui, namsikia Mwalimu Tumpe, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, amerudi kutoka shuleni, kikapu kimewekwa chini, mwiko umeshikwa, anapaza sauti kutoka jikoni, "Dada Walburga, nausonga mimi, likolo nimelitia karanga, usije ukasema mgumu, kwetu Tukuyu tunasonga kwa mikono miwili." "Songa," namjibu, na ajabu ni hii, mtu kasonga ugali wangu bila kuombwa, mtu mwingine kapita Lizaboni na miguu yake inayovimba, mwingine kafungua kifaa changu skrubu moja baada ya nyingine akatoa nyuzi kwa brashi badala ya kuniambia kimekufa nunua kingine, angeweza, ningeamini, nilishaamini, na huko ng'ambo mtoto niliyemtukana anatia vifungo, na kule kutia vifungo naona ni kuchungulia nyumba yake... mimi si mtu wa kusema asante, asante yangu ni sahani ya chakula na nguo iliyofuliwa, lakini leo nahisi imejaa hapa kifuani haina pa kwenda, kama maji ya mtungi uliojazwa na mtu bado anamimina.

Ya tatu inakonyeza, kinatuma, kinajaribu kutuma, neno likishatumwa halirudi, hilo hata kifaa kinajua. Uongo huu umetoka kwa baba yako. Babu alikuwa hapo ukumbini, alisikia. Makarius ni mwanawe. Makarius aliyekwenda Tunduru mwaka ule watu wote walipokimbilia mawe ya thamani, akaandika Krismasi narudi, akaandika Pasaka narudi, akaandika nimepata jiwe kubwa nasubiri mnunuzi, barua zikazidi kuwa fupi mpaka zikaisha, miaka tisa sasa, na mzee huyu hakunifukuza wala mimi sikumfukuza, tulibaki kama watu wawili waliosahauliwa kituo kimoja. Alikuwa msimamizi wa kambi kule mkongeni Tanga, alikopelekwa kijana, jioni ilikuwa kazi yake kuhesabu watu wake kabla chungu hakijafunuliwa, asije mmoja akawa amebaki shambani na jeraha la panga hakuna anayejua, na tabia hiyo ameileta mpaka mezani kwangu, hali chakula bila kuhesabu. Miaka ile ya kwanza alimhesabu na Makarius. Tumetimia? Bado mmoja. Kila jioni, bado mmoja, mpaka Krismasi ya nne akahesabu tuliopo, akasema tumetimia, akanawa. Halafu jioni ile ya radi Careen akatoka na begi lake la shule, hakulia, huyo naye ni mimi mtupu, akamwamkia babu yake shikamoo kama anayeenda dukani, na wakati wa kula mzee akahesabu, akafika kwenye sahani ya Careen, akakiweka kijiko chake mwenyewe kando, akasema, "Bado mmoja." Sauti ile ile. Miaka tisa, na nikamrudishia neno lile mdomoni, na bado nikala, na kesho yake nikaamka nikajiambia akikaa Msamala ataona dunia ilivyo, atarudi mwenyewe, sikwenda kumfuata, ningeweza kutembea, si mbali, nilifua mapazia.

"Tatu," anasema Nasma, kabla yangu, ndiyo, tatu, kijani tatu zimesimama mstari na ya nne inakonyeza, polepole, inawaka, inazima, inawaka, na nje naona mawingu yamerudi juu ya Matogoro, mazito, mvua ikikaa kati ya dishi na mbingu, taa ya nne huchelewa, inaweza dakika tano, inaweza mpaka asubuhi, Careen anajua, hata jua la kesho halitamlaumu mtu kwa hilo, lakini yeye amesema zote nne, na amesema hivyo kwa sababu nilimfundisha mimi kwamba katika nyumba hii mtu anaaminiwa mashine ikimtetea. Hapo ndipo penye ubaya. Si kitambaa. Kajetani amemtetea, matundu yamemtetea, taa tatu zimemtetea, kila kitu kimemtetea isipokuwa mama yake, na je, kama kingekuwa kimeungua kweli, kama radi ingekipasua vipande viwili hata baada ya yeye kuchomoa, ningemwamini? Nisingemwamini. Mungu anisamehe, nisingemwamini, ningekaa na hasira yangu iliyonyooka mpaka nizeeke, kwa hiyo sishukuru kwamba kifaa ni kizima, nashukuru... nashukuru kwamba nimeambiwa mapema, mtoto akiwa bado ng'ambo ya barabara na si ng'ambo ya Tunduru. Inawaka, inazima. "Nasma, mwite." "Bado ya nne." "Naiona. Mwite." "Mama Careen, mtoto amesema..." "Basi acha, naenda mwenyewe," na nyayo zangu zimeshafika kizingitini, Usiguse kitu mpaka itulie, sijagusa, nimeiacha ikonyeze, barabara ina matope na taa ya kibaraza cha Nasma imewaka, na yule pale, amekonda au ni gauni, uzi mdomoni, ananitazama kama anayesubiri kusomewa jina. Nasema, "Careen, chakula kiko tayari." Anauliza, "Zimewaka?" "Tatu. Ya nne bado." Anashusha macho kwenye kifungo. Kuna bodaboda wa baiskeli anapita katikati yetu na gunia, nasubiri apite, nashukuru hata yeye, amenipa nafasi ya kumeza mate. "Sikuja kwa ajili ya taa," nasema. "Ni kitambaa. Ni mimi nilikifunika." "Najua, mama." "Ulijua?" "Nilikuwa nakiondoa kila asubuhi." "Mbona hukusema siku ile?" Anatoa uzi mdomoni. "Ungeniamini?" Nasema kweli, nasema, "Hapana," na nasema, "Na lile neno la baba yako, lilikuwa la kwake, miaka yote nimelishika, siku ile nikakutupia wewe. Halikuwa lako." Anachoma sindano kwenye kitambaa, anakunja kazi ya Nasma vizuri kwanza, pembe kwa pembe, ndivyo nilivyomlea, hilo angalau, anachukua begi lililokuwa chini ya cherehani, kumbe alikuja nalo, tangu saa tisa alikuja nalo, naliangalia lile begi nageuza uso kuelekea mawingu.

Ndani Tumpe ameshapanga sahani kwenye meza ya ukumbini, ugali ni mkubwa kama kofia ya askari, kweli mikono miwili, na amekosa cha kuufunika dhidi ya inzi, ameokota kitambaa changu cheupe juu ya kiti, mawaridi na shanga, ameutandikia, na Nasma aliyeingia nyuma yetu anasema, "Haya, hatimaye kimepata kazi," naye anaambiwa akae, haendi kupika peke yake leo, anasema wallahi sikuja kula, anakaa. Careen anamwendea babu yake, "Shikamoo Babu," "Marahaba," anasema mzee kama vile mjukuu alikuwa dukani tu, anamsogezea kiti kwa mguu. Mlango wa chumba cha mbele uko wazi, kutoka ninaposimama naiona rafu, kifaa kiko uchi kabisa, kijani tatu na ya nne inawaka, inazima, na Careen naye ameiona, amenyanyuka nusu, "Mama, nikaangalie nyaya?" "Nyaya ziko sawa, umeandika mwenyewe usiguse. Kaa ule." Anakaa. Namimina maji ya kunawa, yanapita mkono kwa mkono, wa Tumpe una unga, wa Nasma una alama za sindano, wa mwanangu, naushikilia kidogo kuliko inavyohitajika, wangu bado mweusi wa majani. Babu hajanawa. Ameinua kidole chake kile kilichopinda, anaanza upande wa mlango, Mwalimu mmoja, Nasma wawili, "huyu Myao naye nimhesabu, asije akalalamika," mimi watatu, anajigusa kifua, wanne, kidole kinafika kwenye kiti cha pembeni kinakaa hapo muda. "Tumetimia?" ananiuliza mimi, ingawa ameona, na mimi sijainamia ungo, namtazama. Careen anafunua kitambaa, mvuke unampanda usoni. "Tumetimia, baba. Nawa."